Neno "get" si Kiingereza kibovu

Hapa Kisumu wanafunzi wengi wameambiwa kwamba "get" ni neno la wavivu, na likionekana kwenye insha hukatwa kwa kalamu nyekundu. Si haki kabisa, kwani mtoto ananyang'anywa neno analolihitaji kila siku.

Neno hili liliingia katika Kiingereza kutoka lugha ya Waskandinavia wa kale, karne nyingi zilizopita. Biblia ya King James ya mwaka 1611, katika Mithali 4:7, inasema "get wisdom", yaani jipatie hekima. Kiingereza chenye heshima kuliko hicho utakitoa wapi?

Tena lina kazi nyingi: kupata barua, kufika nyumbani, kuelewa jambo, hata kumfanya fundi aje. Anayeogopa "I got tired" akaandika "I obtained tired" ndiye anayekosea kweli, maana "obtain" hubeba ile maana ya kupata tu. Ya kuingia katika hali fulani haimo.

Walimu wana hoja moja nzuri, nayo ni barua rasmi. Ukiomba kazi kaunti, andika "I received your letter"; "got" ni sahihi pia, ila inasikika kama mazungumzo ya stejini.