Kelele ya Ekzosi Si Nguvu ya Injini

Hapa Malindi, Subaru ikipita ikinguruma, utasikia watu wakisema wale mafundi wa kuongeza nguvu za magari ni wahuni tu wa kukata sailensa. Si kweli, na ni kuwaonea watu wenye ujuzi mkubwa.

Ukiondoa sailensa, unapata kelele. Nguvu hutokana na hewa na mafuta kuungua kwa kipimo na kwa wakati wake. Petroli huungua yote ikipata takriban kilo 14.7 za hewa kwa kilo 1 ya mafuta. Ukikanyaga mwisho, injini ya turbo, yaani yenye kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, hutaka mafuta zaidi ya hapo ili joto lisipande kupita kiasi. Kupanga vipimo hivyo ndiyo kazi ya fundi wa kompyuta ya injini. Huchomeka laptopu chini ya dashibodi, mwenzake akiendesha, yeye macho kwenye tarakimu na masikio kwenye injini. Akisikia mlio kama wa kokoto ndani ya kopo, huchelewesha papo hapo cheche ya kuwasha mafuta. Akipuuza, pistoni huweza kupasuka.

Joto letu la pwani nalo lina hesabu yake. Mpangilio uliofanyiwa Nairobi, karibu mita 1,700 juu ya bahari, haufai kunakiliwa huku bila kupimwa upya, kwani hewa ni tofauti.

Tena kabla ya yote, fundi makini hupima kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya injini, hutazama rangi ya plagi na hukagua breki. Gari likiwa bovu hulikataa, hata mteja akiwa na pesa mkononi.