Je, wajua kwa nini utando wa mafuta hupasuka ndani ya mshipa?

Ukisubiri vibua vya kukaanga katika soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, hutakosa kumsikia mtu akionya kwamba mafuta huziba mishipa. Onyo hilo ni nusu ya ukweli tu. Mara nyingi shambulio la moyo haliji kwa ateri, yaani mshipa unaopeleka damu kutoka moyoni, kuziba taratibu kama bomba la maji, bali utando wa mafuta uliojijenga ukutani mwake hupasuka, damu ikakutana na uchafu wa ndani na kuganda papo hapo.

Utando huo hufanana na jipu: juu pana kifuniko cha nyuzi za kolajeni (protini ngumu ya mwili), chini pana kiini laini cha lehemu (kolesteroli) na seli zilizokufa. Kifuniko kinene huweza kudumu miaka bila madhara. Kikipungua chini ya mikroni 65 hivi, unene unaokaribia ule wa unywele mmoja, huwa hatarini kuachia.

Kipokezi kiitwacho CD36, protini ya kunasia vitu juu ya seli, huchangia kukikuza kiini hicho. Hukaa juu ya makrofeji, seli za kinga zinazokula taka, kikidaka asidi za mafuta pamoja na lehemu iliyooksidishwa. (Kwa jiji lenye mbu kama letu, si kigeni: chembe nyekundu zenye vimelea vya malaria hukishika hichohicho ili kujibandika kwenye mishipa midogo.) Makrofeji iliyoshiba lehemu kupita kiasi huvimba na kufa, na isipozolewa huoza palepale.

Kwa kuwa panya wa kawaida hawaugui hivyo, watafiti hutumia waliofutiwa jeni ya apoE, inayosaidia kuondoa lehemu kwenye damu, ambao lehemu yao hupanda mno. Mwaka 2000 iliripotiwa kwamba panya hao wakikosa na CD36, eneo la utando kwenye aota, ateri kuu itokayo moyoni, hupungua kwa zaidi ya asilimia 70. Mwaka 2005 kundi jingine likaona utando haupungui. Kwangu, utafiti wa 2009 ndio unaovutia zaidi, maana haukuishia kwenye ukubwa: panya waliokosa CD36 pamoja na kipokezi mwenzake, SR-A, bado walikuwa na seli zilizojaa mafuta, lakini seli zilizokufa zilikuwa chache na sehemu iliyooza ilikuwa ndogo. Kiini kilichooza kidogo ni dalili ya utando imara; uimara huo, hata hivyo, husomwa kwenye vipande vya mshipa chini ya hadubini, kwani utando wa panya, tofauti na wa binadamu, ni nadra kupasuka.