Je, wajua kwa nini timu kali ikicheza taratibu humpa mnyonge nafasi?

Usiku wa tarehe 16 Machi 2018, mjini Charlotte katika jimbo la North Carolina, timu ya mpira wa kikapu ya wanaume ya Chuo Kikuu cha Virginia iliingia uwanjani ikiwa imeshinda mechi 31 na kufungwa 2 tu tangu msimu uanze. Moja kati ya hizo 2 ilipotea kwa pointi 1, tena katika muda wa nyongeza. Virginia walikuwa mabingwa wa ligi yao ya ACC, na waandaaji wa michuano ya taifa waliwapanga juu ya timu zote zilizoshiriki. Wapinzani wao walikuwa UMBC, tawi la Chuo Kikuu cha Maryland lililoko Baltimore County, ambao walikata tiketi siku 6 kabla kwa mtupo wa sekunde ya mwisho wa Jairus Lyles dhidi ya Vermont.

Wakati wa mapumziko ilikuwa 21-21. Dakika 40 zilipokwisha, UMBC walikuwa na 74, Virginia 54.

Michuano hiyo hugawa timu katika kanda 4, na kila kanda hupangwa kwa namba kuanzia 1 hadi 16. Namba 1 huanza na namba 16, namba 2 na namba 15, hivyo hivyo hadi chini. Ukifungwa mara moja unarudi nyumbani. Tangu mwaka 1985, ilipopanuliwa hadi timu 64, namba 1 na namba 16 walikuwa wamekutana mara 135 upande wa wanaume, na mara zote 135 namba 1 alishinda. Upande wa wanawake ilishatokea: Harvard waliwatoa Stanford mwaka 1998. Watanzania waliomfuatilia Hasheem Thabeet alipokuwa Connecticut wanajua vizuri michuano hii inavyouma, maana mwaka 2008 timu yake, namba 4, ilitolewa na San Diego, namba 13, kwa 70-69. Ila pengo la namba 1 na 16 ni jambo jingine kabisa.

Mimi sikushangazwa sana na mkubwa kuanguka. Nilishangaa kwamba aliyeanguka ni huyu, kwa sababu Virginia ndiyo iliyokuwa timu ya taratibu kuliko zote katika daraja la kwanza la vyuo vya Marekani, na kwa miaka mingi niliamini kwamba timu bora inayocheza taratibu ndiyo iliyo salama zaidi. Inatulia, inazungusha mpira hadi sekunde za mwisho, haikimbii ovyo, na mpinzani anabaki na njaa ya mpira. Nimewahi kuitetea hoja hii kwa nguvu mbele ya watu. Nilikuwa nimekosea, na kosa lenyewe linafaa kuchambuliwa polepole kwa sababu linaonekana la busara.

Imani hiyo huwa tunaitoa kwenye kandanda. Huko, ukikaa na mpira miguuni dakika 3, mpinzani hana shambulio hata moja katika dakika hizo 3. Timu iliyoshika mpira kwa asilimia 70 ya mechi kwa kawaida imemnyima mwenzake nafasi ambazo yenyewe imezipata. Kumiliki mpira ni kumwibia mtu muda.

Kwenye kikapu, sheria zinalazimisha zamu. Ukitupa ukafunga, mpira ni wa mwenzako. Ukikosa naye akadaka, ni wake. Ukipokonywa, ni wake. Ukikosa halafu ukaudaka mwenyewe, hiyo ni zamu yako ileile inaendelea. Wala huwezi kukaa na mpira utakavyo, kwani tangu msimu wa 2015-16 timu za wanaume za vyuo hupewa sekunde 30 tu za kutupa. Matokeo yake ni kwamba filimbi ya mwisho ikipigwa, timu zote mbili zimepata idadi ileile ya zamu, au zimepishana kidogo sana. Virginia walipotumia sekunde 28 kutafuta mtupo mzuri, hawakumnyima mpinzani zamu hata moja ambayo hawakujinyima na wao wenyewe. Walichofanya ni kuifupisha mechi, kwa pande zote mbili.

Ni kweli kwamba kuna wakati kupoteza muda kunalipa. Ukiwa mbele kwa pointi 8 na zimebaki dakika 2, kila sekunde inayoyeyuka ni yako, kwa sababu mwenzako ndiye anayehitaji zamu za kukufikia. Nadhani ndipo nilipopotea: nilichukua ushauri wa dakika 2 za mwisho nikauvisha mechi nzima. Matokeo yakiwa 0-0, huna cha kulinda. Una ubora wako tu, na ubora unahitaji zamu ili uonekane.

Ndani ya kosa hilo lilijificha jingine. Msimu ule Virginia waliruhusu pointi zipatazo 54 kwa mechi, chache kuliko timu yoyote nchini, nami nikaisoma namba hiyo kama kipimo cha ulinzi. Lakini konda wa daladala aliyepiga tripu 6 huwezi kumlinganisha kwa makusanyo ya siku na aliyepiga tripu 7. Sharti uulize kila tripu iliingiza kiasi gani. Mechi za Virginia zilikuwa na zamu zinazokaribia 60 kwa kila timu, wakati timu ya kawaida hufikia karibu 70. Mpinzani anayepata pointi 9 katika kila zamu 10 atamaliza na 54 kwenye mechi ya zamu 60, na 63 kwenye mechi ya zamu 70. Ulinzi ni uleule. Lakini nisiwaonee Virginia: hata ukipima kwa kila zamu walikuwa miongoni mwa walinzi bora kabisa nchini. Namba 54 ilikuwa imechanganya sifa mbili, ulinzi mzuri na mwendo wa taratibu, na ni moja tu kati ya hizo inayokusaidia ushinde.

Sasa kwa nini kufupisha mechi kumsaidie mnyonge? Wanunuzi wa nafaka wana kifaa kinachoitwa bambo, chuma chenye ncha na uwazi ndani, ambacho huchomwa kwenye gunia ili punje chache zimwagike kiganjani bila kufumua mshono. Weka magunia mawili ya mchele sakafuni. Moja lina chenga kidogo, jingine lina chenga nyingi. Ukichoma bambo mara moja tu kila gunia, yawezekana kabisa ukaangukia mahali pabaya pa gunia zuri na mahali pazuri pa gunia baya, ukalipia lile baya. Ukichoma mara 3, hatari inapungua. Ukichoma mara 30 pande zote, juu na chini, ni vigumu sana kudanganyika. Mchele haujabadilika. Ulichoongeza ni ushahidi.

Kila zamu ya mpira wa kikapu ni bambo moja. Timu bora ikishambulia mara nyingi, chenga za bahati humezwa na wingi. Ikishambulia mara chache, dakika 5 mbaya zinabaki kuwa sehemu kubwa ya mechi.

Hesabu ya karata inaonyesha ukubwa wa jambo. Tuseme fundi wa karata anamshinda mwanafunzi wake katika raundi 60 kati ya 100. Wakicheza raundi 1 na kuondoka, mwanafunzi ana uwezekano wa asilimia 40. Wakicheza 11 na mwenye nyingi akashinda, unashuka hadi karibu 25. Wakikesha wakacheza 101, mwanafunzi amebakiwa na kama asilimia 2. Hakuna aliyeongezewa akili wala kupunguziwa. Aliye dhaifu anapaswa kuomba mchezo uishe mapema, na aliye hodari anapaswa kuomba usiku uwe mrefu.

Makocha wa timu ndogo walilijua hili zamani. Mwaka 1989 Princeton, namba 16 chini ya kocha Pete Carril, waliupooza mpira hadi Georgetown wakaponea chupuchupu kwa 50-49. Mwaka 1996 Princeton haohao, wakiwa namba 13, waliwatoa mabingwa watetezi UCLA kwa 43-41. Na katika fainali ya 1985, kabla vyuo havijaanza kutumia saa ya kutupa katika michuano hiyo, Villanova, namba 8, walitupa mara 28 tu mechi nzima, ukiacha mitupo huru, wakafunga 22, wakawashinda Georgetown 66-64. Virginia walikuwa wamevaa nguo za mnyonge wakiwa wao ndio matajiri.

Walifanya hivyo kwa sababu iliyotoka kwenye ulinzi wao. Kocha Tony Bennett alirithi mfumo uliobuniwa na baba yake, Dick Bennett: wachezaji wasiokabiliana na mwenye mpira hurudi ndani ya mstari wa kuwaziwa, mita kama 5 kutoka kwenye kikapu, na kuufunga mlango wa kati. Baada ya kutupa, wengi hukimbia kurudi nyuma badala ya kugombea mpira uliokosa. Mpinzani hapati mbio za ghafla, anazunguka nje akitafuta upenyo, na sekunde zinakwenda. Mwendo wa taratibu ulikuwa bei ya ulinzi huo, na kwa mechi 31 ilikuwa bei nafuu.

Hapa lazima nijizuie, maana maelezo yakishanoga mtu huyapakia mzigo yasiyoweza kuubeba. Nimejaribu kukadiria. Tuchukue timu inayomzidi mpinzani kwa pointi 3 katika kila zamu 10, na tukubali kwamba bahati ya siku moja husogeza matokeo ya mechi ya zamu 70 kwa pointi kama 11 juu au chini, na pungufu kidogo kwenye mechi fupi. Kwenye mechi ya zamu 70, mnyonge ana uwezekano wa kama 3 katika 100. Kwenye mechi ya zamu 60, kama 4 katika 100. Tofauti ipo, na kwa timu inayotaka ubingwa ni kubwa kiasi cha kuumiza, lakini haitoshi kusema mwendo wa taratibu ndio uliowafunga Virginia. Mwendo ulifungua mlango kidogo zaidi. Kuna kitu kingine kilichopita humo.

Kitu hicho kwa sehemu kubwa kilikuwa mitupo ya pointi 3. UMBC walitupa 24 kutoka mbali wakafunga 12. Virginia walitupa 22 wakafunga 4. Yaani pointi 36 dhidi ya 12, tofauti ya 24, katika mechi iliyoamuliwa kwa 20. Ukiiondoa mitupo hiyo, Virginia wana 42 na UMBC 38. Mtupo wa mbali ndio unaoyumba kuliko yote kati ya mechi moja na nyingine, na ulinzi wa kufunga mlango wa kati, kwa asili yake, humwachia mpinzani nafasi ya nje. Zamu chache, halafu nyingi kati ya hizo zikaishia kwenye mitupo inayoyumba: bambo zimepungua na kila moja inabeba punje chache zaidi.

Bado mkono wa UMBC wenyewe usifunikwe na hesabu. Lyles alifunga 28, na 23 kati ya hizo baada ya mapumziko. Timu yake ilifunga 53 katika dakika 20, takriban kile ambacho Virginia walizoea kuruhusu katika 40. Virginia nao walimkosa De'Andre Hunter, aliyevunjika kifundo cha mkono siku chache kabla. Na mechi 1 ni mechi 1. Ndiyo hoja yenyewe ya makala hii, nayo inanihusu hata mimi ninapoieleza.

Msimu uliofuata unaifanya iwe ngumu zaidi kutoa hukumu. Virginia hawakubadili mwendo. Walikutana tena na namba 16, Gardner-Webb, wakaachwa kwa pointi 14 kipindi cha kwanza, kisha wakashinda 71-56. Waliwafunga Oregon 53-49. Dhidi ya Purdue waliokolewa na mtupo wa Mamadi Diakite, kijana mzaliwa wa Conakry, ulioipeleka mechi kwenye muda wa nyongeza. Dhidi ya Auburn, Kyle Guy alipewa mitupo 3 huru ikiwa imebaki sekunde 0.6, akaifunga yote: 63-62. Tarehe 8 Aprili 2019 mjini Minneapolis waliwashinda Texas Tech 85-77, tena baada ya muda wa nyongeza, Hunter akifunga 27. Mechi 3 mfululizo zilizoning'inia kwenye uzi mmoja, na mara zote 3 uzi haukukatika. Timu ileile, kocha yuleyule, mwendo uleule, na kombe la kwanza la taifa la kikapu cha wanaume katika historia ya chuo.

UMBC nao walichomwa bambo la pili mapema kuliko hapo. Siku 2 baada ya Charlotte kuwaka moto walirudi uwanja uleule kucheza na Kansas State. Timu iliyofunga 53 katika kipindi kimoja dhidi ya Virginia ilifunga 43 mechi nzima, ikafungwa 50-43.