Jiwe la katikati

Kila muhula swali la kwanza darasani kwangu ni lile lile: "Mwalimu, hivi Wahindu wana miungu mingapi hasa?" Siku hizi najibu kwa kisa. Katika Upanishadi ya Brihadaranyaka, mojawapo ya maandiko matakatifu ya kale ya Kihindu, mtu aitwaye Vidagdha Shakalya alimuuliza mwanazuoni Yajnavalkya swali hilo hilo. Akajibiwa: 3,306. "Sawa, lakini hasa ni mingapi?" 33. Akang'ang'ania, hesabu ikashuka: 6, 3, 2, mmoja na nusu, mmoja. Wanafunzi hucheka tukifika kwenye nusu. (Huyo wa mmoja na nusu ni upepo.) Ninachowaomba wakiangalie ni kwamba Yajnavalkya hakukana jibu lake la kwanza. Wale maelfu, alisema, ni nguvu za wale 33.

Lakini mimi mwenyewe nililielewa jambo hili Pune, mji wa India, nilikopanga chumba kwa bibi mmoja niliyemwita Aaji, kama walivyomwita wajukuu zake. Kila asubuhi, akishaoga na kabla hajagusa chai, alishusha sinia ndogo ya shaba yenye vijiwe vitano. Cheusi, shaligrama, hutoka mto Gandaki kule Nepal: huyo ni Vishnu. Cha umbo la yai, cha mto Narmada, ni Shiva. Chekundu ni Ganesha. Kinachong'aa kama kioo ni Surya, jua. Cha tano, chenye madini, ni Devi, Mama. Alivimwagia maji, akavifuta, akavipaka sandali.

Siku moja nilijitia kumsaidia, nikamwekea Ganesha jani la tulsi, ndugu wa kivumbasi chetu. Aaji akaliondoa bila kusema neno, akaweka nyasi za durva. Tulsi ni ya Vishnu. Shiva hupewa majani ya mti wa bel. Kila mmoja na chake.

Ibada hiyo huitwa panchayatana. Katika sinia ya Aaji, Ganesha ndiye aliyekaa katikati, wanne wengine pembeni. "Kwetu nilikozaliwa," aliniambia, "katikati alikaa Shiva." Vijiwe ni vile vile, mpangilio ndio tofauti. Anayekaa katikati ni ishta devata, yule ambaye moyo wako umemchagua, au nyumba yako imekuchagulia. Wa pembeni hawatupwi. Nao wanaoshwa kila siku.

Ndiyo maana sipendi ile kauli ya haraka kwamba Uhindu unafundisha dini zote ni sawa. Wapo waliofundisha karibu na hivyo, mtakatifu Ramakrishna wa Bengal mmojawapo. Ila sinia ina katikati yake. Katika kitabu kitakatifu cha Bhagavad Gita, sura ya 9, aya ya 23, mungu Krishna anasema wanaoabudu miungu mingine kwa imani wanamwabudu yeye, ingawa si kwa utaratibu unaotakiwa. Hiyo "ingawa" ina uzito wake. Mgeni anakaribishwa, lakini mwenye nyumba anajulikana. Wafuasi wa Swaminarayan, madhehebu ya Kihindu ambayo mahekalu yake tunayaona Nairobi na Mombasa, wana mwongozo wa mwaka 1826, Shikshapatri. Mwongozo huo unaelekeza ibada kwa Krishna, na bado unawaagiza wakipita njiani penye hekalu la Shiva wainamishe kichwa.

Halafu kuna jambo ambalo sinia halionyeshi: kumchagua mungu wa moyo wako ni kitu kimoja, kuruhusiwa kumkaribia ni kingine. Kila mwaka mahujaji hupita Pune kwa miguu kwenda kwenye hekalu la Pandharpur kwa Vitthal, umbo mojawapo la Vishnu, wakiimba tungo za watakatifu wao. Mmoja wa watakatifu hao ni Chokhamela wa karne ya 14, wa tabaka la Mahar, waliohesabiwa najisi. Alimwimbia Vitthal maisha yake yote akiwa nje ya hekalu. Alikufa kwa kuangukiwa na ukuta pamoja na vibarua wenzake, na masimulizi yanasema rafiki yake Namdev alipokwenda kutafuta mifupa yake, aliitegea sikio mmoja mmoja, akachukua ile iliyokuwa bado inanong'ona "Vitthal, Vitthal".

Akaizika chini ya ngazi za hekalu, upande wa nje. Mlango ulifunguliwa kwa watu wa tabaka lake mwaka 1947, baada ya mwanaharakati Sane Guruji kugoma kula.