Shokapu ya umeme haibebi gari

Kwenye gereji za Mbeya, Mwanjelwa mpaka Uyole, bado utasikia kwamba shokapu ndiyo inayobeba uzito wa gari, na kwamba ile ya umeme huliinua ukipakia viazi vingi. Sivyo. Uzito hubebwa na springi. Shokapu hutuliza mdundo wake: pistoni inasukuma oili ipite kwenye matundu membamba, na nguvu ya mdundo inageuka joto. Iguse baada ya barabara mbovu, utaikuta ina moto.

Ya umeme hubadilisha jambo moja tu, yaani wepesi wa oili kupita. Sensa hupima mwendo wa magurudumu na bodi, kompyuta inaamua, vali inabana au kulegea ndani ya milisekunde chache. Kwenye kona za Kitonga hubana ili gari lisilale sana. Kwenye mashimo hulegea. Aina iliyoanza na Cadillac Seville STS ya 2002 haihitaji hata vali hiyo: oili yake ina chembe za chuma, na sumaku ya umeme huifanya nzito papo hapo.

Magari mengi yanayojiinua yana mifuko ya hewa, kifaa kingine kabisa. Nyuma ikibonyea, mwambie fundi aanze na springi kabla hujanunua shokapu za umeme (bei yake si mchezo).