Kabla ya mwiko, jifunze maji

Vijana wengi wa hapa Goma wanaoniomba niwafundishe kupiga lipu wanataka kushika mwiko siku ileile. Mimi huwapa kwanza chekecheo. Mchanga wenye tope hupasua lipu hata mkono ukiwa hodari: usugue kiganjani, ukiacha tope tafuta mwingine.

Kisha ukuta. Jiwe la volkeno limejaa vitundu na hushika vizuri sana, ila uso wake ni mabonde na vilima. Ukitaka kuyajaza yote kwa mara moja, uzito utaiangusha lipu. Jaza mabonde, acha yashike, ndipo urudi na tabaka la milimita 10 hadi 15. Kitalu cha simenti kimenyooka, lakini kikiwa kikavu hunyonya maji ya mchanganyiko kabla simenti haijashika. Lipu ya namna hiyo ukiigonga inalia utupu. Mwagia ukuta maji, subiri mng'ao upotee, rusha tabaka jembamba la kushikia, halafu tabaka kuu: ndani ya nyumba natumia ndoo 1 ya simenti kwa 5 za mchanga. Wako wanaozidisha simenti wakidhani wanaongeza nguvu. Ikizidi, lipu husinyaa na kujichora nyufa.

Kigumu zaidi kufundisha ni saa ya kulainisha kwa taloshi, kile kibao chenye mpini. Ukiwahi, unaburuta lipu. Ukichelewa, unakwangua jiwe. Hapo hakuna kitabu kinachotosha, kwa hiyo kaa karibu na fundi wako na ugusie kidole kila anapogusia yeye.

INPP, taasisi ya serikali ya mafunzo ya ufundi, ina kituo hapa mjini na vipimo utavijua vizuri huko. Mkono, hata hivyo, hukomaa kwenye kazi, ukiwa msaidizi. Anzia stoo, nenda vyumbani. Dari iwe ya mwisho kabisa. Mwiko, taloshi, rula ndefu, pima maji, timazi na uzi vinatosha kuanzia.

Ukipata kazi yako ya kwanza, pima mita za mraba mwenyewe, na mwandikiane nani ananunua simenti. Lipu inahitaji kumwagiwa maji kwa siku 7 hivi, na katika mitaa mingi yetu maji huja kwa bidoni kutoka ziwani. Bidoni hizo ziingize kwenye bei kabla hujakubali kazi, la sivyo zitatoka mfukoni mwako.