Musashi ni Jimbo, Si Mpiga Panga: Dhana Potofu Kuhusu Majina ya Manowari za Japani

Tarehe 4 Juni 1942, karibu na kisiwa cha Midway katika bahari ya Pasifiki, ndege za Marekani zilizipiga manowari nne za Japani za kubeba ndege: Akagi, Kaga, Soryu na Hiryu. Zote nne zilipotea. Soryu ni joka la buluu, na Hiryu ni joka lirukalo. Akagi ni mlima, na Kaga ni jimbo la kale. Anayeijua desturi ya Wajapani ya kuzipa meli majina hahitaji kuambiwa zaidi. Joka ni jina la meli ya kubeba ndege, lakini mlima na jimbo si majina yake, kwa hiyo hizo mbili za kwanza lazima zilianza kujengwa kwa kazi nyingine.

Ndivyo ilivyokuwa, na nitaieleza habari hiyo hapa chini. Majina haya yamebeba historia nzito, na inaniuma kuona yakifafanuliwa ovyo ovyo mitandaoni na hata katika makala za magazeti. Haya ndiyo makosa ninayokutana nayo mara kwa mara.

"Majina yalitolewa holela"

Jeshi la wanamaji la kifalme la Japani lilikuwa na utaratibu. Manowari kubwa za mizinga zilipewa majina ya majimbo ya kale, yaani yale yaliyokuwapo kabla serikali ya Meiji ya karne ya 19 haijaigawa nchi upya: Yamato, Musashi, Nagato, Mutsu, Ise, Hyuga. Kruza, yaani manowari za kasi za ukubwa wa kati, zilikuwa za aina mbili. Kruza nzito zilichukua milima, kama Takao, Atago, Myoko na Chokai. Kruza nyepesi zilichukua mito, kama Sendai, Nagara, Kuma na Tama. Meli za kubeba ndege zilipewa viumbe warukao, wa kweli na wa hadithi. Shokaku na Zuikaku ni korongo, ndege wa baraka kwa Wajapani. Kwa manowari zilizo kubwa zaidi, waziri alipeleka mapendekezo na Mfalme Mkuu mwenyewe akachagua.

Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba jina lilifuata aina ya meli wakati ilipoagizwa. Meli ikibadilishwa kazi baadaye, jina lilibaki. Akagi, mlima ulioko Gunma, iliagizwa iwe kruza ya vita, meli kubwa yenye mizinga mizito na mwendo wa kasi, na kruza za vita zilichukua milima. Mkataba wa Washington wa 1922 ukazuia manowari za namna hiyo, lakini ukairuhusu Japani kugeuza magamba mawili, yaani viunzi vya meli, yaliyokwisha kuanza kujengwa kuwa meli za kubeba ndege. Yakachaguliwa Akagi na dada yake Amagi. Tarehe 1 Septemba 1923 tetemeko kubwa la Kanto likaliharibu gamba la Amagi likiwa bado linajengwa Yokosuka, kiasi cha kutofaa tena. Ilitafutwa nyingine ya kushika nafasi hiyo, ikapatikana manowari ya mizinga iliyokuwa ikingoja kuvunjwa, yenye jina la jimbo: Kaga. Kwa hiyo mlima na jimbo vilivyokuwa Midway ni alama ya mkataba mmoja na tetemeko moja.

Mogami nayo ilipitia mkondo wa aina hiyo. Mkataba wa London wa 1930 uliipunguzia Japani kruza nzito, ikajenga Mogami na wenzake kama kruza nyepesi zenye mizinga 15 ya milimita 155, na zikapewa mito. Kabla ya vita ya Pasifiki mizinga hiyo iling'olewa, ikawekwa 10 ya milimita 203. Mogami ikawa kruza nzito kwa silaha, huku ikiendelea kuitwa mto.

Shinano ndiyo inayonigusa zaidi. Ilikusudiwa kuwa pacha wa Yamato, ikapewa jina la jimbo ambalo leo ni mkoa wa Nagano, mkoa usio na hata hatua moja ya pwani. Baada ya Midway ikageuzwa kuwa ya kubeba ndege. Ilikabidhiwa kwa jeshi tarehe 19 Novemba 1944, na tarehe 29 Novemba ikazamishwa na nyambizi ya Marekani, Archerfish.

Utaratibu huu haukuwa amri ya milele. Mikasa, meli iliyombeba Admirali Togo katika vita ya Tsushima dhidi ya Urusi mwaka 1905, ilikuwa manowari kubwa ya mizinga na bado ina jina la mlima wa Nara, kwa kuwa ni ya zamani kuliko kanuni ya majimbo. Na kufikia 1944, Amagi mpya na Katsuragi ziliingia kazini kama meli za kubeba ndege zikiwa na majina ya milima tangu mwanzo.

"Musashi ni yule mpiga panga maarufu"

Kosa hili linaeleweka, maana Miyamoto Musashi wa karne ya 17 anajulikana dunia nzima. Lakini manowari Musashi, iliyojengwa Nagasaki na kuzama tarehe 24 Oktoba 1944 katika bahari ya Sibuyan huko Ufilipino, iliitwa kwa jimbo la Musashi, eneo ambalo leo ni Tokyo, Saitama na sehemu ya Kanagawa. Ndani ya manowari za Kijapani kulikuwa na madhabahu ndogo ya dini ya Shinto, na mara nyingi ilihusishwa na hekalu la mahali palipoipa meli jina. Musashi ilihusishwa na hekalu la Hikawa lililoko Saitama, na Yamato na hekalu la Oyamato lililoko Nara.

Jeshi hilo halikuwa na desturi ya kuziita manowari kwa watu, wawe wafalme, maadmirali au mashujaa. Ushahidi mzuri kuliko wote ni wa mwaka 1905. Siku ya pili ya vita ya Tsushima, kikosi cha Warusi kilisalimu amri, na Wajapani wakajikuta na meli zenye majina ya watu wakubwa. *Imperator Nikolai I* ikapewa jina Iki. *Admiral Senyavin* ikawa Mishima. *General-Admiral Apraksin* ikawa Okinoshima. Mfalme na maadmirali wawili wakafutwa, vikawekwa visiwa vitatu vya eneo lile lile la mapigano. Pamoja nazo ilitekwa *Oryol*, yaani tai, ambayo miezi michache kabla ilikuwa imetia nanga Nosy Be, Madagaska, katika safari ndefu ya kutoka Baltiki. Yenyewe ikaitwa Iwami, jimbo la pwani inayotazama bahari ya Japani.

Kuna anayeweza kuuliza: na Shirase je? Hiyo ni meli ya kuvunja barafu inayokwenda Antaktika, na Nobu Shirase alikuwa mpelelezi halisi. Lakini rasmi meli imepewa jina la barafuto (mto wa barafu) la Shirase, na barafuto ndilo lililoitwa kwa mtu huyo. Njia ya kuzunguka hivyo inaonyesha jinsi desturi inavyoheshimiwa.

"Manowari Kongo inahusiana na Kongo yetu"

Haihusiani. Ni mlima Kongo, kati ya Osaka na Nara, na neno lenyewe la dini ya Kibudha lina maana ya kitu kigumu kisichovunjika, kama almasi. Kruza ya vita ya jina hilo ilijengwa Uingereza, Barrow, na kukamilika mwaka 1913. Kabla yake kulikuwa na Kongo nyingine ya karne ya 19, na leo ipo ya tatu, iliyoingia kazini 1993.

"Kila meli ya Kijapani ni Maru"

Maru ni ya meli za biashara, uvuvi na abiria. Chimbuko lake lina maelezo zaidi ya moja. Wapo wanaolihusisha na majina ya utotoni, kama Ushiwakamaru, jina la shujaa wa kale Minamoto no Yoshitsune alipokuwa mtoto, na wapo wanaolihusisha na sehemu za ndani za ngome, zinazoitwa maru. Zamani hata meli za kivita zilikuwa nalo. Kanrin Maru, iliyovuka Pasifiki hadi San Francisco mwaka 1860, ilikuwa meli ya kivita ya utawala wa Tokugawa, uliotangulia ule wa Meiji. Jeshi la kifalme lilipojengeka, manowari zake ziliachana na neno hilo.

Kwa hiyo ukikuta Maru katika habari za vita ya pili ya dunia, jua kwa kawaida ni meli ya kiraia, mara nyingi iliyochukuliwa na jeshi. Pwani yetu ilizijua mbili. Mwaka 1942 Hokoku Maru na Aikoku Maru, zilizotengenezwa kwa ajili ya kampuni ya Osaka Shosen kubeba abiria na mizigo kisha zikafungwa mizinga, zilivizia meli za Waingereza na washirika wao katika mlango wa bahari wa Msumbiji na kuzihudumia nyambizi zilizokuwa nazo. Hokoku ni kulipa fadhila za nchi, na Aikoku ni kuipenda nchi. Hayo ni majina ya kizalendo yaliyokwishakuwapo kabla meli hazijapewa mizinga. Hokoku Maru ilizama Novemba 1942, ikipigana na meli ndogo ya India, Bengal, na meli ya mafuta ya Uholanzi, Ondina.

"I-27 ni namba ya Kirumi, au herufi ya Kiingereza"

Ni silabi ya Kijapani, *i*. Kuna shairi la kale la Kibudha linalotumia kila silabi ya Kijapani mara moja tu, na mwanzo wake, *i-ro-ha*, ulitumika kupanga vitu kwa zamu. Nyambizi zenye uzito wa tani 1,000 na zaidi ziliitwa I, za chini ya hapo hadi tani 500 zikaitwa Ro, na ndogo kabisa Ha. Basi I ni daraja la kwanza. Nyambizi I-16 na I-20, zilizopeleka vyombo vidogo ndani ya bandari ya Diego Suarez, Madagaska, Mei 1942 na kuijeruhi manowari ya Uingereza Ramillies, zilikuwa za daraja hilo.

I-27 ni jina ambalo Afrika Mashariki inapaswa kulikumbuka. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na Maldivi, iliizamisha Khedive Ismail, meli iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ikiwa imejaa askari na wauguzi. Walikufa watu 1,297, wengi wao wapiga mizinga wa kikosi cha Afrika Mashariki. Meli mbili za Uingereza zilizokuwa zikisindikiza msafara, Petard na Paladin, ziliiangamiza nyambizi hiyo siku ile ile. Wazee wetu wengi walizama kwa dakika chache, na bado nyambizi iliyowaua hutajwa kwa kukosewa hata jina.

"Jina la vita lazima litishe"

Waingereza walikuwa na majina ya kutisha na kujigamba. Destroya za Japani, manowari ndogo za kasi, zilikuwa na majina ya mvua na theluji. Shigure ni manyunyu ya mwisho wa vuli. Samidare ni mvua ya mwezi wa tano wa kalenda ya kale. Harusame ni mvua ya masika, Hatsuyuki ni theluji ya kwanza, Fubuki ni tufani ya theluji, Kagero ni mazigazi, Akatsuki ni alfajiri, Hibiki ni mwangwi. Kundi la Mutsuki lilianzia kwenye miezi ya kalenda ya zamani: Mutsuki ni wa kwanza, Kisaragi wa pili, Yayoi wa tatu. Destroya za daraja la chini zilichukua mimea: Matsu ni msonobari, Take ni mwanzi, Momo ni mfyulisi.

Mengi ya maneno haya ni maneno ya majira katika ushairi wa haiku, ambako neno moja humwambia msomaji ni msimu gani. Mjapani aliyesoma shule aliyatambua papo hapo. Miaka ya 1920 kuliwahi kuwa na destroya za namba tupu, na mwaka 1928 zikapewa majina.

Lakini upole wa jina usitudanganye kuhusu kazi ya meli. Fubuki, ilipotokea, ilikuwa miongoni mwa destroya zenye nguvu kuliko zote duniani, na meli hizi zilishiriki katika vita vya uvamizi vilivyoua mamilioni ya watu Asia.

Majina hayo yanaendelea kutumika hata karibu na kwetu. Machi 2009 Japani ilipotuma manowari zake za kwanza kupambana na maharamia katika ghuba ya Aden, zilikuwa Sazanami, yaani viwimbi, na Samidare.

"Izumo na Kaga za leo ni manowari za zamani zilizofufuliwa"

Izumo (2015) na Kaga (2017) zina urefu wa mita 248 na sitaha bapa ya kurushia ndege, lakini Japani inaziita rasmi meli za kusindikiza. Pamoja na Hyuga na Ise za leo, zina majina ya majimbo, na siku hizi anayeidhinisha ni waziri wa ulinzi. Majina huandikwa kwa hiragana, mwandiko wa silabi, badala ya herufi za Kichina zilizotumika zamani.

Kwa maelezo rasmi, Izumo ni eneo la Shimane na Kaga ni eneo la Ishikawa. Hiyo ni kweli, ila naona haitoshi. Izumo ya awali ilikuwa Shanghai mwaka 1937 wakati wa uvamizi, na Kaga ya awali ilishambulia Pearl Harbor. Mchina anayeshtuka akisikia jina la Izumo hakosei historia. Anayekosea ni yule anayedai kwamba jina peke yake linathibitisha mpango wa vita, maana Hyuga, Ise, Kongo na Mogami zilirudi kwa njia hiyo hiyo ya majimbo, milima na mito. Yamato na Musashi, ambayo kanuni ingeyaruhusu, hayajapewa manowari yoyote ya jeshi la sasa.

Utaratibu wenyewe umehama kidogo. Nyambizi za sasa ziliitwa kwa mikondo na maji ya bahari, kama Oyashio, hadi ilipokuja Soryu mwaka 2009, na majoka ya meli za kubeba ndege yakaingia chini ya maji. Tangu 2022 ni zamu ya nyangumi: Taigei, nyangumi mkubwa, kisha Hakugei, nyangumi mweupe. Ukiona jina jipya linaloishia na *gei* katika habari za jeshi la Japani, ujue linalozungumzwa ni nyambizi.